Mazungumzo ya Dakika Kumi

Kuna nchi moja ambayo jina lake haliwezi kutajwa hapa, kwa sababu tume iliyoundwa kuitafutia jina zuri zaidi ina miaka kumi na miwili kazini, na wajumbe bado hawajapatana kuhusu herufi ya kwanza. Hakuna anayelalamika. Wananchi wa huko wamezoea kungoja, na wanangoja kwa nidhamu. Wana Mlezi wa Taifa anayewapenda na wana wizara arobaini na tatu zinazowahudumia. Juu ya kilima cha Kisimani, mwendo wa nusu siku kutoka mji mkuu, walikuwa pia na chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Chuo hicho kimefungwa mwaka huu kwa kosa la mwanafunzi mmoja kutohudhuria.

Mtunza rejista wa chuo hicho alikuwa Sista Redempta Nambua. Ana miaka sabini na moja, miguu inayovimba kila ifikapo adhuhuri, na kichwa kinachomkumbuka kila msichana aliyewahi kuingia lango lile: jina lake, dawati lake, na ugonjwa aliopenda kujisingizia siku ya mtihani. Kazi yake ilikuwa kuandika nani ameingia na nani ametoka. Aliifanya kwa miaka arobaini na moja bila kuacha nafasi tupu katika daftari lolote, isipokuwa moja.

Chuo chenyewe kilianzishwa na masista watatu waliotoka ng'ambo wakiwa na kinanda kilichotobolewa na wadudu na masanduku saba ya vitabu. Gavana wa enzi hizo aliwaruhusu kuwaelimisha wanawake kwa sharti moja, kwamba wawafundishe kushona tu. Masista walikuwa watiifu. Walifundisha jiometria wakaiita Ukataji wa Vitambaa, wakafundisha falsafa wakaiita Maongezi ya Wakati wa Kufuma, na wasichana ishirini wa kwanza walihitimu kwa sifa kubwa bila hata mmoja wao kujua kutunga uzi kwenye sindano. Uhuru ulipokuja, Kilatini kilipigwa marufuku kwa kuwa kilikuwa na harufu ya ukoloni, kikaendelea kufundishwa kwa jina la Sala Ndefu. Baadaye Mlezi wa Taifa alishika usukani, na idara zote za historia nchini zikageuzwa kuwa idara za Shukrani. Kukawa na Shukrani ya Kwanza, Shukrani ya Pili na, kwa wenye vipaji, Shukrani Linganishi. Kisimani walibadilisha kibao cha mlangoni, na nyuma ya mlango wakaendelea na historia yao kama kawaida.

Walikuwa pia na desturi moja ambayo haikupatikana penginepo. Mwaka ule wa kwanza kabisa, msichana aitwaye Anastazia alikufa kwa homa kabla ya Krismasi. Kesho yake asubuhi, sista aliyeita majina, mgeni wa watu na amechoka kwa kulia, alilisoma jina la Anastazia kwa mazoea. Ndipo msichana aliyehamia kwenye dawati la marehemu akaitika: "Yupo." Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemsahihisha.

Tangu hapo, kila siku ya pili ya Novemba, ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu, Kisimani waliadhimisha Siku ya Majina. Dawati baada ya dawati, yalisomwa majina ya wote waliopata kusoma pale, waliokufa na walio hai, na msichana aliyekalia dawati siku hiyo aliitika kwa ajili ya wote waliolikalia kabla yake. Anaitwa hakimu aliyestaafu, yupo. Anaitwa bibi aliyezikwa miaka thelathini iliyopita, yupo. Usomaji ulianza baada ya misa ya asubuhi ukamalizika jua likiwa utosini, na wasichana walitoka mle ukumbini wakiwa wametulia kwa namna ambayo mahubiri hayajawahi kuwatuliza.

*

Dawati namba ishirini na saba lilikuwa la Leokadia Mbuya, msichana wa mwaka wa tatu, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti hata mahali pasipochekeka. Hii ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika chumba cha nyaraka za chuo kulikuwa na makaratasi ya shule za zamani za misheni, na Leokadia, ambaye alipenda vumbi kama wengine wanavyopenda manukato, akakuta humo rejista ya mahudhurio ya darasa la pili. Ndani yake lilikuwamo jina la Mlezi wa Taifa.

Sasa kila mtoto wa nchi hiyo anajua kwamba Mlezi wa Taifa ndiye aliyeongoza Maandamano Makuu ya Uhuru, akiwa mbele, bendera mkononi. Ipo picha yake kwenye noti na ipo kwenye boksi la chumvi. Rejista ilionyesha kwamba tarehe ile ile, saa ile ile, Mlezi alikuwa darasani. Mwalimu alikuwa ameandika "yupo," na pembeni akaongeza kwa penseli: "Amelia kutaka kwenda nyumbani."

Leokadia aliisoma rejista hiyo mbele ya semina bila ubaya wowote. Alidhani amegundua jambo la kupendeza. Semina ilikuwa na wasichana kumi na mmoja, mhadhiri mmoja, na bwana mmoja aliyekuja kutengeneza taa ambayo haikuwa imeharibika.

Siku mbili baadaye, yapata saa nne kasoro robo asubuhi, waliwasili mabwana wawili waliovaa vizuri. Walimwamkia Sista Redempta kwa adabu zote.

"Tunamwomba binti Leokadia kwa mazungumzo," alisema mmoja.

"Mazungumzo ya nini?"

"Ya kawaida tu, Sista. Dakika kumi."

Sista Redempta hakuwa mtu wa kuburuzwa. Aliwaambia kwamba Kisimani msichana hatoki bila kuandikwa kwenye kitabu cha ruhusa, hata akiitwa na Baba Mtakatifu. Mabwana wakasema wanaheshimu taratibu, wakakaa wakangoja. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Jina: Leokadia Mbuya. Anakokwenda: mazungumzo. Ametoka: saa nne kamili. Amerudi: hapo akaacha nafasi. Chini akatia sahihi ya ruhusa.

"Usichelewe chakula," alimwambia. "Leo kuna maharage ya nazi."

"Niwekeeni, Sista," alisema Leokadia, akaacha sweta lake kwenye kiti.

Walimwekea. Walimwekea mchana, wakamwekea jioni, na siku ya tatu mpishi akaja kuuliza afanye nini na ile sahani. Sista Redempta tayari alikuwa amejua, na kujua huko hakujamtoka moyoni mpaka leo. Alikuwa amefuata utaratibu. Alikuwa ametia sahihi.

*

Serikali ya nchi hiyo haiachi barua bila majibu. Kila mwaka Sista Redempta aliandika kwa Idara ya Mazungumzo kuulizia kama zile dakika kumi zimekwisha, na kila mwaka, kabla ya Pasaka, alijibiwa kwa karatasi nzuri yenye nembo: "Mazungumzo kati ya Serikali na mhusika yanaendelea vizuri na katika hali ya urafiki. Yatakapokamilika mtajulishwa."

Barua hizo alimsomea mama yake Leokadia. Mama huyu alikuwa mjane wa kijiji cha Mbuyuni, hakujua kusoma, na Leokadia alikuwa mwanawe wa pekee, kwa hiyo hakuna mtu aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Leokadia. Kila Siku ya Majina alipanda kilima kwa miguu, akakaa kwenye benchi la nyuma, na jina la mwanawe liliposomwa na kuitikiwa alifumba macho. Baadaye alimtafuta msichana wa dawati la ishirini na saba, yeyote aliyelikalia mwaka huo, akampa kifurushi cha karanga za kukaanga. Leokadia alipenda karanga.

Barua za Idara alizitia katika mkoba wa shule wa binti yake. Zilifika kumi na nane.

"Wanasema wanaongea naye," alimwambia Sista Redempta siku moja. "Mtu unaongea na aliye hai. Siku watakayosema hawamjui, basi."

Sista Redempta hakuwa na imani hiyo, ila alimwelewa vizuri. Barua zile zilikuwa uongo, lakini ulikuwa uongo unaokiri jambo moja la kweli, kwamba walimchukua wao. Ndiyo maana hakukosa kuandika hata mwaka mmoja.

*

Mambo yalianza kubadilika siku Mlezi wa Taifa alipokwenda kuhutubia Chuo Kikuu cha Taifa. Takwimu zilisema kuna wanafunzi elfu tisa. Mlezi alitaja mafanikio yake ya kwanza, akanyamaza ili apigiwe makofi, na makofi yakaja, lakini hayakulingana na takwimu. Mlezi ana sikio. Aliyasikiliza mpaka yakakoma, kisha akauliza: "Haya ni ya watu wangapi?"

Ikabainika kwamba wanafunzi elfu nane na ushee walikuwa wanafunzi hewa, majina matupu. Mlezi alikasirika kiasi cha kukataa soda. Wiki ile ile iliundwa Wizara ya Elimu, Maadili na Mahudhurio, na ikatoka sheria kwamba chuo kitakachokutwa na mwanafunzi hata mmoja aliyeandikwa ambaye hayupo kitafungwa siku hiyo hiyo. Chuo ambacho wote wapo kitatunukiwa Cheti cha Mahudhurio Kamili, na hakitasumbuliwa tena.

Mkaguzi aliyepangiwa Kisimani aliitwa Bwana Ndaki, mtu mpole, baba wa watoto sita, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kwa bahati, au kwa namna bahati inavyofanya kazi katika nchi ile, aliwasili siku ya pili ya Novemba.

Mkuu wa chuo, Sista Amabilis, alimwona akifungua fomu zake na kuketi mstari wa mbele, akamwendea haraka.

"Bwana Mkaguzi, haya siyo mahudhurio. Haya ni maombi."

"Maombi yana majina?"

"Yana majina."

"Na mtu akiitwa, anaitikiwa?"

"Anaitikiwa, lakini—"

"Basi Mama Mkuu, hayo ni mahudhurio," alisema Bwana Ndaki, akafungua kalamu ya kwanza.

Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili, yupo na hayupo. Hakikuwepo kisanduku cha marehemu, wala cha aliyeolewa mbali, wala cha aliyeitwa kwenye mazungumzo. Sista Redempta alisoma, wasichana wakaitika, na Bwana Ndaki akatia alama. Kalamu ya pili ilimwishia wino kwenye dawati la tisini. Ilipofika saa sita u nusu alikuwa na wanafunzi elfu tatu mia moja na kumi na nne, na wote wapo, akiwemo Anastazia aliyezikwa nyuma ya kikanisa. Ukumbini walikuwamo wasichana mia mbili na kumi na wawili. Bwana Ndaki aliliona hilo, kwa sababu si kipofu, na chini ya fomu akaandika kwa uaminifu: "Ukumbi ni mdogo. Wanafunzi wamebanana." Kisha akalia kidogo. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kujaza asilimia mia moja.

Sista Amabilis alitaka kuandika barua ya kurekebisha. Aliikalia siku mbili, akaichana. "Kama wanataka kutuacha kwa sababu ya kosa lao," alimwambia Sista Redempta, "watuache tu." Na Sista Redempta, Mungu amsamehe, alikubali.

*

Katika nchi ile wizara hazisalimiani, ila orodha zao huzungukia zote. Orodha ya Kisimani ilifika Idara ya Mazungumzo mwanzoni mwa Desemba, na karani mmoja mwenye bidii akaona humo jina analolijua.

Mama Leokadia alipokea barua ya kumi na tisa kabla ya wakati wake. Aliisomewa na mtendaji wa kijiji. Siku ya pili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Sista Redempta akihema, amevaa kitenge ambacho mikunjo yake ya dukani ilikuwa haijakunjuka, na mikononi ana vifurushi viwili vya karanga.

"Shikamoo Sista. Msimwite kama yuko darasani. Nitangoja kengele."

"Umngoje nani, Mama Leokadia?"

Mama alimpa barua kwa mikono miwili. Sista Redempta akasoma: "Tunafurahi kukujulisha kwamba binti yako, Leokadia Mbuya, yupo chuoni Kisimani, dawati namba 27, ambapo aliitika mwenyewe mbele ya mkaguzi wa Serikali. Kutokana na hayo, mazungumzo yamekamilika na faili limefungwa. Unaombwa usiulize tena."

Kabla hajaikunja barua kengele ikalia, wasichana wakaanza kutoka ukumbini mmoja mmoja. Mama Leokadia aligeuka kuwatazama. Aliwatazama wote, hadi wa mwisho, msichana mwembamba aitwaye Apolonia, wa mwaka wa tatu, ambaye mwezi uliopita alikuwa amepewa karanga na mama huyu huyu.

"Shikamoo bibi," alisema Apolonia.

"Marahaba, mwanangu. Dawati la ishirini na saba ni lako bado?"

"Ndiyo, bibi."

Mama Leokadia alikaa kwenye ngazi ya mlango, kitenge chake kipya kikaburuza vumbini, na asikiinue.

"Nani aliwaambia yupo?" aliuliza mwishowe.

"Sisi," alisema Sista Redempta.

*

Serikali ilifurahia habari ile kupita kiasi. Magazeti yaliandika juu ya binti aliyetafutwa miaka kumi na tisa kumbe yuko darasani anasoma. Redio ikawashauri wazazi wengine wenye tabia ya kuulizia watoto wao wakaangalie vizuri vyuoni kabla ya kuisumbua Serikali, na wazazi wa aina hiyo, ambao idadi yao haitajwi, wakaanza kupokea barua fupi fupi. Ikatangazwa kwamba Waziri wa Elimu, Maadili na Mahudhurio atakuja mwenyewe Kisimani kutoa cheti. Atashuhudia majina ya dawati namba ishirini na saba yakisomwa, na mama mzazi atatoa neno la shukrani.

Bwana Ndaki alikuja siku mbili kabla kuweka mambo sawa. Alikiomba kitabu cha ruhusa cha miaka kumi na tisa iliyopita, akapata ukurasa, akauweka mbele ya Sista Redempta.

"Kuna nafasi tupu hapa, Sista. Idara inaonyesha alitoka. Sasa ili faili lifungike vizuri, inabidi aonekane alirudi."

"Niandike saa ngapi?"

"Yoyote. Si lazima iwe saa ya kweli. Iwe saa tu." Alimpa kalamu ya tatu, ile nzuri. "Waziri ataiangalia baada ya sherehe."

Alipoondoka, Sista Amabilis alifunga mlango. Alikuwa mwanamke mwenye akili na mchapakazi, na chuo kile kilikuwa kimemtia mvi zote alizonazo.

"Redempta, nina wasichana mia mbili na kumi na wawili humu. Wengine wametoroka kuozwa wakaja hapa. Apolonia amebakiza mitihani miwili. Ukiacha nafasi ile wazi wanarudi makwao wote."

"Najua."

"Leokadia mwenyewe angekwambia uandike."

"Hatuwezi kumuuliza," alisema Sista Redempta, na Sista Amabilis akainamisha uso.

Kesho yake Sista Redempta alikwenda Mbuyuni, miguu imemvimba, kumweleza Mama Leokadia njia zote mbili bila kuficha kitu. Mama alikuwa akipeta mtama, na hakuacha kupeta.

"Wewe ndiye uliyemruhusu, Sista," alisema. "Na kama ni kurudi, utamrudisha wewe. Nitakuja kwenye sherehe yenu. Ukiandika amerudi, nitanyamaza."

Alisema hivyo bila hasira hata chembe, na Sista Redempta aliondoka katika kijiji kile akitamani angetukanwa.

*

Waziri alifika na magari tisa na bendi ya tarumbeta. Alihutubia saa nzima.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yana mabomu, yana mashine, yana vyombo vya kwenda mwezini. Lakini je, yapo? Nauliza, wananchi wao wapo? Sisi hatuna hayo yote, lakini tupo! Na anayesema kuna mtu katika nchi hii hayupo, huyo ndiye asiyekuwepo!"

Bendi ikapiga. Wasichana wakapiga makofi yaliyolingana na idadi yao. Mama Leokadia alikuwa ameketishwa mstari wa mbele na kile kitenge chake, kipaza sauti kipya mbele yake, na karatasi ya shukrani aliyoandikiwa mikononi, ambayo alikuwa ameishika juu chini.

Sista Redempta akafungua kitabu cha majina. Dawati namba ishirini na saba lilikuwa limekaliwa na wasichana ishirini na watatu. Alisoma, na Apolonia akaitika, sauti ikizidi kushuka. Wa kumi na saba, yupo. Wa kumi na nane alikuwa Leokadia.

"Leokadia Mbuya."

Apolonia alifungua kinywa. Alimtazama mama aliyempa karanga, akatazama dawati lake, machozi yakamjaa, na kinywa kikabaki wazi hivyo hivyo bila sauti. Kamera zilikuwa zinamtazama. Bwana Ndaki, mstari wa tatu, alikuwa anamnong'oneza: yupo, binti, sema yupo.

"Sista," alisema Waziri kwa tabasamu la mbele za watu, "msaidie. Yupo au hayupo?"

Sista Redempta aliwatazama wasichana. Alijua kila mmoja alikotoka na alichokimbia. Alijua kwamba neno analotaka kulisema litawafungia mlango wote, na kwamba wengi wao walikuwa wachanga au hawajazaliwa Leokadia alipoacha sweta lake kwenye kiti. Roho ilimuuma vibaya sana. Angeweza kusema lile neno jingine, ambalo alikuwa amelisikia kila mwaka na kulipenda. Lakini sasa lilikuwa neno la Serikali.

"Hayupo, Mheshimiwa," alisema. "Alitoka saa nne kamili, tarehe kumi na nne Machi. Waliomchukua walisema dakika kumi. Niliyemruhusu ni mimi. Hajarudi."

Hata bendi ilijua isipige. Waziri akageukia wasaidizi wake, wasaidizi wakageukia fomu. Ndipo Mama Leokadia akainuka pole pole, akakisogelea kile kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya shukrani zake.

"Ahsante, Sista," alisema, akaketi.

*

Sheria ilifuatwa bila upendeleo. Kati ya wanafunzi elfu tatu mia moja na kumi na nne, mmoja alikuwa hayupo, na chuo kikafungwa saa kumi alasiri. Bwana Ndaki ndiye aliyebandika karatasi kwenye lango, na inasemekana alipomaliza alikaa garini muda mrefu na kalamu zake. Siku hizi jengo ni Kituo cha Taifa cha Mafunzo ya Mahudhurio. Watumishi wa wizara zote hufika kujifunza kuitika, na madawati yamesuguliwa namba.

Wasichana walitawanyika. Wachache wamepokelewa Chuo Kikuu cha Taifa, wanasoma Shukrani Linganishi. Apolonia aliolewa mwezi wa tatu. Mmoja wao, ambaye jina lake Sista Redempta hataki kulitaja, alimwandikia barua ya mstari mmoja: "Sista, ulimchagua asiyekuwepo ukatuacha tuliokuwepo." Sista Redempta amejaribu kuijibu mara nyingi. Ana rasimu tisa na zote anaziona mbovu, kwa kuwa msichana yule amesema kweli.

Sasa anaishi katika nyumba ya masista wazee, chumba cha mwisho, penye saa kubwa ya ukutani inayomkera kila mtu. Alitoka Kisimani na kitu kimoja tu, kitabu cha ruhusa, alichokificha ndani ya kanzu yake ya kitawa huku askari wakipekua masanduku.

Kabla ya Pasaka alitembelewa na Mama Leokadia, ambaye alikuja na kifurushi cha karanga na barua ya ishirini. Sista Redempta alivaa miwani.

"Kutokana na taarifa rasmi kwamba mhusika hayupo chuoni," alisoma, "faili limefunguliwa upya. Mazungumzo kati ya Serikali na mhusika yanaendelea vizuri na katika hali ya urafiki. Yatakapokamilika mtajulishwa."

"Soma tena, Sista."

Alisoma tena. Mama Leokadia aliichukua barua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wa shule pamoja na zile nyingine.

"Basi tumerudi tulipokuwa," alisema.

"Tumerudi."

Wakaanza kumenya karanga. Kisha mama akainua macho akaitazama ile saa ya ukutani.

"Sista, mimi saa sijui kuisoma. Dakika kumi ni ndefu kiasi gani?"

Sista Redempta aliangalia. Ilikuwa saa nne kasoro kidogo. Akamwonyesha mshale mrefu, akamwambia angoje usimame juu kabisa, kisha autazame mpaka ufike kwenye mbili. Waliacha karanga, wakakaa bega kwa bega kitandani, wakautazama. Nje sista mmoja alikuwa akimwagilia mchicha, akamaliza, akaondoka. Mshale ukafika kwenye mbili.

"Kumbe ni fupi hivi," alisema Mama Leokadia.

Akauweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili, na Sista Redempta akamwekea mkono mgongoni akamwacha alie.